Sakafu Tuliyoipima kwa Viganja

Syokau, aliyeshika kazi yangu ya usimamizi wa ukumbi mwezi uliopita, aliniomba nimwandikie mambo ya muhimu. Nilikuwa tayari nimemwachia orodha ya funguo, mchoro wa mabomba na jina la fundi wa paa ambaye huja siku ile aliyosema atakuja. Hayo yanatosha kwa kazi ya kila siku. Ninayoandika hapa ni ya siku nyingine, na nawaandikia pia vijana walioajiriwa karibuni kwenye kumbi za miji midogo ya Kitui na Makueni, ambao wanadhani wamepewa kazi ya kufungua mlango na kuufunga. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilianzia Kitui, chini ya Mzee Kimanzi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na alitembea na funguo zake ndani ya soksi ili zisipige kelele. Siku yangu ya kwanza aliniambia nipange viti vya mkutano wa watu arobaini. Nilivipanga kwa safu kama darasani, nikavinyoosha kwa uzi. Alipoingia aliviangalia safu kwa safu.

"Hawa watu wamekuja kusikizana ama wamekuja kufanya mtihani?"

"Mzee, hukuniambia vile wanakaa."

"Kwani wako wapi saa hii?"

Walikuwa nje, wakingoja. Alinipeleka dirishani. Walikuwa wameketi juu ya mawe na vibao, wanawake upande wa kivuli, wazee wawili katikati, na mtu mmoja amesimama kando. Aliniambia nikitaka kujua kikundi kinataka kukaa vipi ndani, nikiangalie kinavyokaa nje kabla mlango haujafunguliwa. Hilo ndilo somo kubwa alilonipa, na baadaye mtaona kwamba nililijua kwa miaka mingi bila kulitumia pale lilipohitajika.

Masomo mengine yalikuwa madogo. Nafasi za ukumbi ziandikwe kwa penseli, kwa sababu anayeandikiwa kwa kalamu huona amepewa hati ya shamba. Ngoma zisiwekwe karibu na ukuta wa magharibi, ngozi hukauka na kupasuka. Kamati ya harusi na kamati ya mazishi zisikutane mchana mmoja. Hili la mwisho nililipuuza mara moja, na mwanamume aliyekuja kupanga harusi ya mpwa wake alikaa nusu saa kwenye kamati ya mazishi ya mtu asiyemjua. Alipogundua makosa alikuwa ameshachaguliwa katibu. Alifanya kazi hiyo hadi siku ya mazishi, na aliifanya vizuri.

Shule niliiacha kidato cha pili. Mambo mengine niliyatafuta mwenyewe katika vitabu vya mitumba vilivyouzwa chini sokoni: kimoja cha ujenzi, kimoja cha mabomba, na kimoja cha hesabu ambacho kurasa zake za majibu zilikuwa zimeng'olewa, jambo lililonisaidia. Nilijifunza kukadiria maji yanayoweza kutoka kwenye paa la mabati kwa mvua ya aina fulani. Pale Kitui walinitania. Waliniita Profesa wa Mitungi.

Ndiyo sababu nilipohamishwa Makueni, kwenye mji wetu mdogo usio mbali na Mukuyuni, kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa paa. Lilikuwa paa kubwa na zuri, na maji yake yote yalimwagika kwenye mtaro. Ilinichukua miaka miwili ya barua kupata tangi la mawe. Tangi lilipojaa mara ya kwanza, ukumbi ulianza kuwa mahali pa watu. Akina mama wa kusuka viondo walihamia kwetu Jumanne kwa sababu wangeweza kuloweka mkonge palepale. Kikundi cha miti kilianzisha kitalu cha miche kando ya ukuta, na kilimwagilia kwa maji tuliyopigia deki, kwa kuwa sakafu ya simiti niliiosha kwa maji matupu bila sabuni. Soko lilipata miti ya kivuli kutoka kitalu hicho. Kanisa moja lisilo na jengo lilisali hapo Jumapili. Na Alhamisi na Jumamosi mchana walikuja wachezaji wa ngoma wa Mwaitu Kalekye.

Mwaitu maana yake ni mama, na Kalekye aliitwa hivyo na mji mzima, pamoja na watu waliomzidi umri. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Kundi lake lilicheza ngoma za Kikamba za kuruka: ngoma ndefu, filimbi, mabega yanayotetema, kisha vijana wanatoka mmoja mmoja kwenye safu, wanajirusha hewani, wanapinduka na kutua kwa miguu mitupu. Nyimbo alizorithi kwa mama yake hakukuwa na mwingine mjini aliyezijua zote. Alikuwa na wachezaji kumi na sita. Aliyeruka juu kuliko wote ni Mutua, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, fundi wa viatu vya akala. Alikaa sokoni akikata matairi yaliyochakaa kuwa viatu, na mkono wake wa kulia ulikata mpira kama mtu anayekata mkate.

Sasa nafika kwenye sakafu.

Ile simiti ilikuwa ya zamani. Ilichubuka na kutoa vumbi jeupe, na tena ilikunywa maji. Kuipiga deki vizuri kulihitaji mitungi mitano ya lita ishirini, na kila Jumamosi jioni, baada ya wachezaji, ilibidi niipige ili Jumapili waumini waikute safi. Mchungaji, mtu mpole anayevaa suti ya rangi ya krimu, alikuja kwangu akanigeuzia mgongo ili nione nyuma ya suruali yake.

"Bwana Nzioka, hii ni vumbi ya viti ama ni ya shetani?"

"Ni ya sakafu, mchungaji."

"Basi itolewe. Mimi sina suruali ingine ya kuhubiria."

Nilifanya kama nilivyozoea. Kwa wiki sita nilipima maji ya deki na kuyaandika. Nilikwenda kwenye jengo jipya la ofisi lenye taili, nikamwomba msafishaji wao anionyeshe: alitumia mtungi mmoja, na ukabaki kidogo. Katika sehemu yetu mtu akikueleza juu ya kitu chochote, iwe ng'ombe, mche au mkwe, swali la kwanza ni kitakunywa maji kiasi gani. Mimi nililichukua swali hilo nikaligeuza kuwa swali la pekee. Niliandika pendekezo la kurasa nne kwa wakubwa wangu nikiomba taili. Lilikuwa limepangwa vizuri. Hadi leo sioni kosa katika hesabu zake.

Nilifanya pia jambo ambalo wasimamizi wengi hawafanyi: niliwauliza watumiaji wote. Fundi alinipa taili moja ya mfano, nyeupe yenye michirizi, nikaizungusha kwa kila kikundi. Mchungaji aliipapasa akasema inafaa. Akina mama wa viondo waliipokezana. Siku ya Alhamisi nilimpelekea Mwaitu Kalekye, aliyekuwa ameketi akikaza ngozi ya ngoma. Aliipokea, akaifuta kwa leso, akapitisha kiganja chake juu yake mara mbili.

"Ni nzuri kama sahani," alisema.

Wachezaji walicheka. Mutua aliigonga kwa kidole, akamwambia mwenzake, "Kasee, hapa mtu anaweza kula bila meza." Wakaipitisha mkono hadi mkono, wote kumi na sita, na kila mmoja aliisifu. Niliandika kwenye daftari: kundi la ngoma, wamekubali. Hakuna aliyeiweka chini akaikanyaga. Watu ambao kazi yao yote iko kwenye nyayo waliniambia maoni ya viganja vyao, na mimi niliyefundishwa kuangalia watu wanavyokaa kabla ya kuwapangia viti niliyaandika hayo kwa penseli nikaondoka.

Taili ziliwekwa. Ukumbi uling'aa hadi watu waliingia wakivua viatu bila kuambiwa. Deki ilikuwa mtungi mmoja, kama nilivyosema. Ilihitaji sabuni, kwa hivyo maji yake hayakufaa tena kwa miche, na kikundi cha miti kilipoteza mitungi yake mitano. Hilo halikuwa kwenye kurasa zangu nne.

Jumamosi ya kwanza wachezaji walianza taratibu. Nilikuwa mlangoni. Mabega yalikuwa sawa, safu zilikuwa sawa, na mlio wa miguu ulikuwa mkali kuliko zamani, nikadhani hilo ni zuri. Baada ya robo saa walikuwa wanatoka jasho, na jasho lilidondoka kwenye taili. Filimbi ikalia. Mutua alitoka kwenye safu, akapiga hatua tatu, akaruka. Alipinduka kama alivyopinduka mara nyingi nikitazama. Mguu wa kwanza ulipogusa chini uliendelea mbele peke yake, na akajikinga kwa mkono wa kulia. Sauti ya mfupa niliisikia kutoka mlangoni.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili. Hospitalini walimfunga plasta hadi kwenye kiwiko. Nilimpeleka mimi, nikangoja naye kwenye benchi. Hakunilaumu. Aliniita kwa jina la kazi yangu, kama mji mzima, akauliza tu, "Keateka, mpira wa tairi unakatwa na mkono gani?" kama mtu anayeuliza jambo asilolijua. 

Wiki zilizofuata nilijaribu kila nililoweza. Nilitandika mikeka, ikateleza pamoja na watu. Nilinyunyiza mchanga wa mtoni, ukashika vizuri sana na kuzichubua taili, na mchungaji akasema vumbi limerudi likiwa limebadilisha rangi. Nilipanga zulia kuukuu la ofisi, likajikunja. Niliandika barua kuomba taili za nusu ya ukumbi zing'olewe. Jibu lilisema kwamba taili ni mali mpya na haziwezi kung'olewa kabla hazijachakaa, na liliambatanishwa na nakala ya pendekezo langu lenyewe, mistari fulani ikiwa imepigiwa mstari chini.

Kundi lilihamia uwanja wa shule, wakafukuzwa na masomo ya Jumamosi. Walijaribu ua wetu wa nyuma, lakini ulikuwa mteremko wa changarawe wenye miamba inayochomoza. Wachezaji wakaanza kupungua. Mmoja alipata kazi ya lori, wawili walijiunga na kwaya, wengine waliacha tu kuja. Ngoma zile huchezwa kwa safu mbili, na safu ya watu chini ya watatu haiitwi safu. Alhamisi moja nilihesabu waliokuja: saba, pamoja na Mutua aliyekuja na plasta yake kutazama.

Mwaitu Kalekye alinikuta nikifuta dirisha, akanisalimu kwa Kikamba.

"Watya, Nzioka?"

"Nesa, mwaitu."

"Nimekuja kuchukua ngoma zangu. Hawa wakibaki watano nitazigeuza niwekee mahindi."

"Ngoja kidogo, mwaitu."

"Nimengoja. Wewe unangoja ukiwa na mshahara, mimi nangoja nikiwa na magoti. Hizo nyimbo ziko kwa kichwa yangu peke yake. Nikienda nazo, utaziandika kwa daftari gani?"

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaeleza. Ngoma hakuzichukua siku hiyo, kwa sababu aliyezibeba siku zote alikuwa Mutua.

Ni Mutua aliyeniita nyuma ya ukumbi. Alionyesha ua kwa mkono mzima.

"Hapa pakijazwa na udongo wa kichuguu, ukatwangwa kama nyumba za zamani, mtu ataruka."

"Mvua ikija?"

"Mvua ikija tutatwanga tena. Kwani taili yako imekaa vizuri na mvua haijaigusa?"

Udongo wa kichuguu ndio waliotumia wazee wetu kwa sakafu. Mchwa wameshausaga na kuuchuja. Nilifanya viraka vitatu vya majaribio, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja: kimoja cha udongo mtupu, kimoja cha udongo na mchanga, kimoja cha udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe. Nilivifunika kwa nyasi na magunia yaliyoloweshwa kwa siku nne ili visikauke haraka. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilimeguka pembeni. Cha tatu Mwaitu Kalekye alikikanyaga kwa kisigino mara moja, akageuka juu yake, akasema, "Hiki," akaenda zake.

Kisha nikakokotoa maji ya ua mzima, na hapo nikakaa chini. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mvua ilikuwa mbali, na tangi ndilo lililobakia. Maji ya kuchanganya udongo na kuuweka unyevu siku zote hizo yalikaribia sana kiasi nilichokuwa nimeokoa kwa taili tangu ziwekwe. Nilirudia hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Maji hayakuwa yangu. Niliita watumiaji wa ukumbi, nikawaeleza, nikawaonyesha karatasi. Mama Ndinda, mwenyekiti wa wasuka viondo, alikuwa na ulimi unaojulikana hadi Nunguni.

"Wacha nielewe," alisema. "Huyu ndiye keateka aliyetuhesabia vikombe vya kuloweka mkonge?"

"Ndiye, mama."

"Na leo anataka kumwaga tangi chini, kwa mchanga, watu wakanyage?"

"Ndiyo, mama."

Aliwageukia wenzake. "Jua imempata." Walicheka sana, na mimi nilingoja wamalize. Kisha aliuliza wangekosa nini. Nilimwambia: wangeloweka mara moja kwa wiki mbili hadi mvua, na vikichelewa viondo, vitachelewa. Alimtazama Mutua, ambaye wakati huo plasta ilikuwa imetolewa na mkono umekonda, kifundo kimepona kikiwa kimepinda kidogo.

"Unakata tairi?"

"Nakata, mama. Polepole."

"Unaruka?"

"Hapana. Mkono haubebi uzito."

Mama Ndinda aliwageukia wenzake tena. Kisha akasema mkonge unaweza kungoja, umezoea jua kuliko sisi. Kikundi cha miti kilisema miche iliyobaki wataibeba nyumbani, kila mtu kumi. Nilimtazama mchungaji. Alikuwa na shida yake: baadhi ya waumini hawapendi ngoma zile, wanasema ni za mizimu, na yeye alikula kwenye meza zao.

"Siku gani mnafungua tangi?" aliuliza.

"Jumatano."

Alifungua shajara yake, akaandika. "Jumatano nitakuwa Mbumbuni kutwa. Sitaona kitu." Wanawake wanne wa kanisa lake walikuja Jumatano hiyo na majembe. Hawakuwa wamekwenda Mbumbuni.

Kazi yenyewe ilikuwa mwethya, yaani ule utaratibu wetu wa majirani kukusanyika kulima au kujengea mmoja wao, na mwenye kazi kupika. Nilikuwa nimeandaa orodha ya majina, saa na zamu. Mwaitu Kalekye aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, akaikunja, akaitia kifuani.

"Hii ni ya kuitia watu kesi," alisema. "Mwethya huitwa kwa mdomo."

Akazunguka nyumba hadi nyumba kwa siku mbili na fimbo yake. Walikuja wengi kuliko orodha yangu. Waliochimba kichuguu, waliobeba kwa mkokoteni, waliochekecha, waliokanyaga samadi, kila mtu alijua mahali pake bila zamu. Niliwauliza watatu nani aliyewapanga, wakaniangalia kama mtu aliyeuliza nani huwaonyesha mdomo ulipo wakila. Mimi nilishika bomba la tangi. Nililifungua, na maji yalipoanza kushuka nilijikuta nayahesabu kwa midomo, hadi Mama Ndinda akaniambia niache, nawatia watu kiu. Mchana tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukiwa tumesimama. Baada ya hapo walipanga mstari mmoja mrefu wenye vipande vya mbao, wakatwanga udongo wakirudi nyuma hatua moja moja, Mwaitu Kalekye akiwaimbia ili mapigo yaende pamoja. Wawili kati ya waliotwanga walikuwa wale waliokimbilia kwaya.

Tuliufunika kwa nyasi na magunia. Kwa siku nane niliunyunyizia asubuhi na jioni. Siku ya tisa tulifunua. Ulikuwa wa kahawia iliyoiva, mgumu, bila ufa, wenye alama ndogondogo za mbao kama magamba ya samaki.

Jumamosi walikuja wachezaji kumi na mmoja. Walivua viatu wakavipanga ukingoni, akala zote, karibu zote za Mutua. Nilisimama kando na daftari langu nikingoja waanze ili niandike kama kuna mahali panapoteleza. Hawakuanza. Mwaitu Kalekye alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya ngoma, mikono magotini.

"Tunangoja nini, mwaitu?" niliuliza.

"Tunakungoja. Weka hiyo kitabu. Vua viatu."

"Mimi si mchezaji."

"Hata mimi naona. Vua."

Wachezaji walianza kuguna na kucheka. Mmoja alisema, "Keateka ana soksi ya kanisa." Nilivua viatu na soksi, nikakunja suruali mara moja kila upande, kwa usawa, na wakacheka zaidi. Nilikanyaga. Udongo ulikuwa baridi chini ya jua, na haukuwa laini wala mkali; ulinishika. Katika miaka yangu yote ya kusimamia sakafu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga mojawapo kwa mguu mtupu, na nililitambua hilo palepale, nikiwa nimesimama mbele ya watu.

"Sasa ruka," alisema Mutua.

Nilimtazama. Alikuwa amesimama mbele ya safu, mahali ambapo mpiga filimbi husimama, mkono wa kulia umening'inia na filimbi iko kwenye wa kushoto. Hakuwa anatania.

Niliruka. Si juu; mtu wa umri wangu akiruka, anayejua kwamba ameruka ni yeye mwenyewe. Nilitua kwa miguu miwili, magoti yakaniuma hadi kiunoni, na nyayo hazikuhama hata kidogo.

"Imeshika?" Mutua aliuliza.

"Imeshika."

"Una uhakika?"

Niliruka tena, mara hii upande, kwa mguu mmoja, nikiwa nimetanua mikono kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Hakuna aliyecheka. Niligeuka juu ya kisigino.

"Imeshika," nilisema.

"Basi leo umeuliza kwa nyayo," alisema, akaweka filimbi mdomoni kwa mkono wa kushoto. Nilitoka mbio kuwapisha, viatu vyangu vikiwa upande wa pili, kwa sababu alikuwa ameshapuliza.